Juu ya Ngoro za Umatengo, na Jinsi Jambo Jipya Liwavyo Mapokeo

Walimu na mapadri wakutanapo, husikika mara kwa mara lalamiko moja: kwamba mkulima wa milimani ni mtu wa mila, hapendi mambo mapya, na akionyeshwa njia iliyo bora hujibu kwamba babu zake hawakufanya hivyo. Lalamiko hili tumelisikia sana, na kwa miaka mingi sisi wenyewe tulilirudia. Katika makala haya twataka kulipima, si kwa maneno ya jumla, bali kwa kutazama shamba la namna ya peke yake, ndilo shamba la ngoro katika nchi ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, upande wa magharibi wa Songea. Kisha tutatazama mambo mengine machache yanayofanana nalo.

Kwanza maneno yenyewe. Kiswahili hakikosi maneno ya kutaja jambo jipya, lakini kila neno lina ladha yake. Kuvumbua ni kukuta kitu kilichofichika, mara nyingi kwa bahati, kama mtu akutaye asali katika mti. Kubuni ni kutunga kwa akili, nako kwaweza kuwa kwa wema au kwa hila. Hadithi hubuniwa, na uongo hubuniwa. Kuzua ni kutoboa, au kutoa kitu chini na kukileta juu. Na hapo neno limepata sifa mbaya, maana azuaye habari ni mwongo, na katika mafundisho yetu mzushi ni yule aliyeiacha imani iliyo sahihi. Kwa upande wa pili yako maneno mila, desturi, jadi na mapokeo. Matatu ya kwanza yametujia kutoka kwa Waarabu na Waajemi; la nne ni la Kibantu, nalo latokana na kupokea. Wasomaji walifikiri neno hili la mwisho. Kitu hakipokewi pasipo mtu wa kukitoa, na apokeaye hunyosha mkono wake mwenyewe. Aweza pia kuurudisha. Tena kila lililopokewa lilikuwa na siku yake ya kwanza, siku ambayo majirani walilitazama, na pengine walicheka.

Tuingie shambani. Umatengo ni nchi ya milima mashariki ya Ziwa Nyasa. Wenyeji wa milimani hukaa katika urefu wa meta 1300 hata 2000 hivi juu ya bahari, na miteremko wanayoilima ni mikali hata mgeni huona shida kusimama, sembuse kupiga jembe. Mvua hupita milimita 1000 kwa mwaka, nayo humwagika katika miezi michache. Mlima mkali, udongo uliolegezwa kwa jembe, mvua ya kishindo: mambo matatu hayo yakikutana kwa kawaida huzaa makorongo. Lakini mtu asimamaye ng'ambo ya bonde aona mlima mzima umetobolewa mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, tokea juu hata kijitoni. Mashimo hayo ndiyo ngoro. Wengine hutamka na kuandika ngolo.

Kazi huanza mvua zikaribiapo kwisha, mnamo mwezi wa Machi. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo, huyaacha yanyauke siku kadhaa, kisha huyalaza kwa mistari, mingine ikikata mingine, hata mteremko wote umekuwa miraba ya majani. Hapo hufuata wanawake na majembe. Kila mmoja husimama katikati ya mraba, huchimba udongo na kuutupa juu ya majani ya pande zote nne. Maharagwe hupandwa juu ya tuta hilo na kufunikwa kwa udongo zaidi. Basi katikati hubaki shimo la upana wa meta moja na nusu hivi, na kulizunguka kuna tuta lenye majani tumboni mwake. Maharagwe huvunwa kiangazi. Mvua zirudipo, Novemba au Desemba, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale bila kuchimba tena, na magugu yapaliliwayo hutupwa shimoni yaoze. Mahindi yakiisha kuvunwa shamba hupumzika hata Machi nyingine. Ndipo ngoro huchimbwa upya, wala si pale pale, kwa maana shimo la zamani lililojaa mboji hugeuzwa kuwa tuta.

Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake na mchanga wake. Likijaa, maji hupenya polepole katika tuta, kwa kuwa majani yaliyofukiwa hayaliachi kuwa ukuta mgumu; hushuka katika shimo la chini, na kutoka hilo katika lile la chini yake. Hakuna mfereji mmoja wa kukusanya nguvu zote za maji. Nguvu hugawanywa katika maelfu ya mashimo, na kila shimo hupata kidogo kiasi cha kuweza kukistahimili. Mwaka 1938 A. H. Pike aliieleza kazi hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records akiisifu kwa jinsi inavyohifadhi udongo. Na katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliichunguza kwa vipimo, wakaona kwamba wakulima walijua walifanyalo.

Sasa tuulize: ni nani aliyezua ngoro? Hana jina. Mapokeo ya wenyeji huifunga habari hii na vita vya Wangoni. Wangoni walipoingia katika nchi ya Songea, katikati ya karne ya 19, watu wengi wa nchi za chini walikimbilia milimani, wakasongamana karibu na Litembo. Mkulima wa pori la miombo alikuwa na njia yake: kukata miti, kuichoma, kupanda ulezi miaka michache, kisha kuhama. Mlimani penye msongamano hapakuwa na pa kuhamia. Ardhi ile ile ilipaswa kulisha watu mwaka hata mwaka, nayo ilikuwa ikitelemka bondeni kila mvua inyeshapo.

Hapa twaomba msomaji atazame jambo moja kwa makini. Katika ngoro hakuna chombo kipya hata kimoja. Nyengo ilikuwapo, jembe lilikuwapo, kufukia majani ili yaoze kulijulikana katika nchi nyingi za jirani, na kuchimba shimo ni kazi ya kila mtoto. Lililokuwa jipya ni mpango wa mambo hayo: majani yalazwe kwanza, udongo ufuate, shimo libaki, na mwaka wa pili mahali pabadilike. Sisi tuliosoma shuleni twapenda kudhani kwamba jambo jipya huja katika sanduku, limefungwa, lina alama ya kiwanda. Jambo jipya la mkulima mara nyingi ni kitu cha jana kilichowekwa mahali pengine kwa sababu ya shida ya leo.

Tena mtu mmoja peke yake hakuweza kulitimiza. Shimo moja katika mteremko mtupu halifai kitu, maji yatalizunguka. Ngoro hufaa zikiwa mlima mzima, na aliye juu akifanya kazi kwa uvivu, aliye chini ndiye apatwaye na hasara. Wamatengo waliishika ardhi kwa ukoo, kila ukoo na mteremko wake kati ya vijito viwili, uitwao ntambo. Na katika desturi ya kale wanaume wa ukoo walikutana kwa babu, wakala pamoja chakula kilicholetwa kutoka kila nyumba, wakanena mambo ya shamba na ya mwenendo, vijana wakisikiliza. Mkutano huo huitwa sengu. Twaamini kwamba bila sengu ngoro ingalibaki kuwa shani ya mtu mmoja mwenye akili, ikafa pamoja naye. (Tukumbuke pia, kwa kuwa husahauliwa, kwamba wengi wa waliochimba mashimo hayo hawakuketi katika sengu, walikuwa jikoni.)

Basi, mtu atasema, mmekwisha kutuonyesha kwamba zamani walizua jambo jipya. Lakini tangu hapo wamelishikilia kwa ukaidi, na hiyo ndiyo mila. Sivyo. Katika karne ya 20, vita vilipokwisha na watu walipozidi, Wamatengo wengi walishuka kwenda nchi za chini za miombo zilizo pana na zenye miteremko ya pole. Na huko wengi wao waliiacha ngoro, wakalima kwa matuta ya kawaida. Ngoro ina kazi nyingi, na mahali ambapo ardhi ni pana na maji hayashuki kwa kishindo, kazi hiyo haina malipo. Kama ingalikuwa mila kwa maana ile tuliyokuwa tukiitumia sisi, wangalichimba mashimo hata kwenye tambarare.

Mambo kama hayo yalionekana kisiwani Ukara, katika Ziwa la Viktoria, kaskazini ya Ukerewe. Kisiwa ni kidogo na watu ni wengi. Wakara waliwafunga ng'ombe nyumbani, wakawakatia majani na matawi, wakayabeba samadi hata mashambani. Walipanda marejea kati ya uwele ili yafukiwe na kuurutubisha udongo. Walichimba vishimo kando ya ziwa wakaotesha majani ya ng'ombe. Hata miti ilikuwa na wenyewe. Wataalamu wa kilimo walikuja kutazama tangu miaka ya 1930, wakastaajabu kuona kilimo kama hicho mahali ambapo hakuna aliyekifundisha. Lakini Mkara aliyehamia bara, penye mashamba mapana, hakubeba samadi tena. Wageni walishangaa na wengine walikasirika, wakamwona kuwa amerudi nyuma. Naye hakurudi nyuma, alihesabu. Alikuwa na mikono ile ile na shamba mara nyingi zaidi, akaitumia mikono kwa hesabu nyingine. Wala hatusemi kwamba hesabu yake ilikuwa sawa kwa vizazi vyote, maana ardhi ya bara nayo huchoka. Twasema tu kwamba ilikuwa hesabu, wala haikuwa ujinga.

Mfano mwingine watoka kwenye muhogo, na huu twaupenda kuliko yote, kwa sababu wahusu majina. Muhogo wenyewe ni mgeni. Ulitoka Marekani ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno, kama yalivyoletwa mahindi, ambayo kwa jina lake hudhaniwa kuwa ya Uhindi. Leo ni nani katika Pwani awezaye kuwaza chakula cha kwao bila muhogo na mahindi? Basi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey na wenzake walifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata miaka ya 1950 kutafuta muhogo uwezao kuhimili magonjwa mawili, batobato na michirizi ya kahawia. Waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa mwituni, mmojawapo ule mti wa mpira wa Ceara ambao zamani ulipandwa katika Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake. Kazi ilipokoma katika miaka ya 1950, mengi ya matunda yake yalisahauliwa na waliokuja baadaye. Miaka mingi ikapita. Ugonjwa wa michirizi ulipozidi, wachunguzi wakatafuta mihogo ya kienyeji yenye nguvu, wakaikuta kusini mwa Tanzania mbegu iitwayo Namikonga, na katika pwani ya Kenya nyingine iitwayo Kaleso. Walipoichunguza asili yake, zikaonekana kuwa mbegu moja, nayo ni mtoto wa Amani.

Tazama lililotendeka. Kituo kilisahau, wakulima hawakusahau. Waliipokea ile mbegu, wakaipa majina ya kwao, wakapeana vipande vya miti yake jirani kwa jirani, hata mtaalamu wa siku za baadaye akaihesabu kuwa mbegu ya jadi. Na sisi, kama tungalifika katika shamba lile kabla ya kuelezwa, tungaliandika katika daftari: "Wenyeji hupanda muhogo wao wa zamani, hawataki mbegu za kitaalamu."

Kwa haki yatupasa kueleza pia jinsi jambo jipya lishindwavyo. Huko Uluguru, tangu mwaka 1950 hivi, serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wakate milima kwa matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha ilikuwa njema, na hatari ilikuwa ya kweli. Mito ya Uluguru ilikuwa ikibeba udongo. Lakini katika sehemu nyingi kukata ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule ulio mzuri, na mazao juu ya ngazi mpya yakawa haba. Kazi ilikuwa nzito, na aliyeikataa alishitakiwa. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, pakawa na ghasia, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Katika Umatengo watu walitoboa mlima wote pasipo amri ya mzungu. Katika Uluguru amri haikuweza kupata ngazi chache. Tofauti haikuwa katika bidii ya makabila hayo mawili. Mluguru alitakiwa kuweka chakula cha mwaka mzima wa watoto wake juu ya wazo lisilokwisha kuonjwa mahali pale.

Habari ya karanga za Kongwa yajulikana, nasi tutaipita upesi. Mwaka 1947 Uingereza ilianza kulima karanga katika Tanganyika kwa shabaha ya eka zaidi ya milioni tatu. Januari 1951 mpango ukafutwa, na fedha zilizopotea zilikuwa karibu pauni milioni 36. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka kama tofali, na mvua ya Ugogo haina ahadi. Mambo hayo mawili Mgogo yeyote mlima mtama aliyajua. Hapakuwa na ubahili wa vyombo, maana matrekta yaliletwa kwa mamia. Lililokosekana ni kipande kidogo cha kujaribia, na miaka michache ya kungoja.

Nasi tusijitenge na makosa hayo. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya milimani, tulikuwa na shamba la shule lililochimbwa ngoro na wazazi. Mgeni mkubwa alitazamiwa. Tukaona mashimo yale ni machafuko, tukawaagiza wanafunzi wayasawazishe na kutengeneza matuta yaliyonyoka, toka juu hata chini, ili mistari ionekane vizuri kutoka barazani. Watoto walisita. Tukakuhesabu kusita kwao kuwa uvivu, na wawili wakaadhibiwa. Mgeni alikuja, akasifu mistari. Mvua ya pili ya mwaka ule iliuchukua udongo wa juu wote pamoja na mbegu, ukalala kijitoni, na pale shambani yakabaki mawe. Watoto wale walijua, na hawakuwa na njia ya kumwambia mwalimu.

Baadaye, katika kijiji kingine, tulimkuta mama mmoja wa makamo akipanda. Shamba lake lilikuwa la maharagwe ya rangi nyingi yaliyochanganywa, isipokuwa ngoro tatu zilizo karibu na njia, ambazo alizipanda maharagwe ya namna moja tu.

"Shikamoo, mama. Mbona haya umeyatenga?"

"Marahaba, mwalimu. Haya ni mageni. Nimepewa na dada yangu aliyeolewa mbali."

"Na kwa nini hukuyapanda shamba lote, kama ni mazuri?"

"Dada ndiye asemaye ni mazuri. Mimi sijayaona kwenye mvua ya hapa. Yakifa, nimepoteza kikombe kimoja. Yakiishi, mwakani nitayapa mistari miwili, na mke mwenzangu atayaona anapopita."

Twadhani kwamba katika maneno hayo machache yamo mambo yote yaliyokosekana Kongwa: mbegu kidogo, mahali pa hakika, hasara iwezayo kuchukuliwa na yule ajaribuye, na ushuhuda kando ya njia ambapo jirani huona pasipo kuhubiriwa. Nasi wahubiri tuna la kufikiri hapo.

Kwa mwalimu aliye na shamba la shule, mambo yafuatayo yaweza kutendwa pasipo gharama. Kabla ya kufundisha njia mpya, awaulize wazazi, na hasa akina mama, shamba lile lililimwaje, na kwa nini. Tena asiridhike na jibu la kwanza, kwa kuwa jibu "ndivyo tulivyokuta" mara nyingi hutolewa kwa heshima, ili mgeni asichoshwe na maelezo marefu. Njia mpya aianze katika pembe moja, na ya zamani ibaki kando yake msimu mzima, hata miwili. Mavuno ya pande zote mbili yapimwe na wanafunzi wenyewe kwa debe. Yakiwa haba upande wa mwalimu, aseme hivyo mbele yao.

Jambo moja zaidi twawaomba wasomaji, kwa kuwa jarida hili ni la lugha. Katika lugha nyingi za makabila yetu twasikia kwamba kile kipande cha kujaribia mbegu kina jina la peke yake, kama vile mbegu iliyofika karibuni iwavyo na jina kwa miaka kadhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ya kwao. Majina hayo yapotea pamoja na wazee. Aliye nayo atuandikie, akitaja lugha, nchi, mmea wenyewe, na kama iwezekanavyo, namna wanawake wanavyolitamka, maana wao ndio walitumiao.